Mbwa Mwitu Sikioni: Kweli na Uongo Kuhusu Mapenzi ya Wanaume Kwenye Vitabu vya Sauti

Kuna aina ya kitabu cha sauti ambayo wengi huihukumu kwa kuisikia ikitajwa tu. Ni hadithi ya mapenzi, wapenzi wote wawili ni wanaume, na huenda mmoja wao ni mzimu, au mchawi, au mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka. Huko Marekani na Uingereza aina hii ina waandishi wake, wasimulizi wenye majina na mabishano yasiyokwisha. Mimi ni msikilizaji wake wa siku nyingi: napika nikisikiliza, nafua nikisikiliza, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Nayajibu hapa kwa jinsi ninavyoona. Mahali pengine itabidi nifichue mwisho wa kitabu, nitaonya kabla.

“Ni ngono tu iliyovishwa mabawa.”

Si kweli, ingawa wanaosema hivyo hawakuyatoa hewani.

Chukua The House in the Cerulean Sea cha Mmarekani TJ Klune, kilichotoka mwaka 2020. Linus Baker ana umri wa miaka 40, ni mnene, anaishi na paka, na kazi yake serikalini ni kukagua vituo vya watoto yatima wenye nguvu za ajabu. Anatumwa kisiwani kukagua nyumba yenye watoto sita. Mmoja ni mwana wa Ibilisi, ana miaka sita na anapenda muziki wa santuri za zamani. Mwingine, Chauncey, hana mifupa, macho yake yanachomoza juu kama ya konokono, na hakuna anayejua ni kiumbe gani hasa. Zamani alikuwa akijificha chini ya vitanda, kwa sababu aliambiwa kwamba yeye ni zimwi na kazi ya zimwi ni hiyo. Ndoto yake maishani ni kuwa mbeba mizigo hotelini. Msimulizi Daniel Henning anampa Chauncey sauti ya mtoto mwenye adabu nyingi kupita kiasi, na mwana wa Ibilisi anatoa vitisho vya kuteketeza dunia kwa furaha ya mtoto anayesimulia katuni. Saa zinakwenda na bado hakuna aliyembusu mwenzake. Linus na Arthur, mlezi wa watoto wale, wanafika hapo kitabu kikikaribia kwisha, na hawapiti hapo.

Lakini upo upande wa pili. The Magpie Lord cha Mwingereza KJ Charles, cha mwaka 2013, kinachosomwa na Cornell Collins, kina kitanda, na pazia halishushwi. Hapa sauti ina tabia ambayo karatasi haina. Jicho likikutana na ukurasa usioutaka huruka, sikio haliruki. Mwenye unga wa chapati vidoleni atasikiliza yote, neno kwa neno, kwa mwendo wa msimulizi, na akiwa hajavaa spika za masikioni atasikiliza pamoja na shemeji yake. Soma maelezo ya kitabu kabla ya kubonyeza. Si ushauri wa kimaadili huo, ni wa jikoni.

“Msimulizi mmoja hawezi kubeba wanaume wawili wanaopendana.”

Si kweli, na ufundi wote umelala hapa.

Mapenzi ya mwanamume na mwanamke humrahisishia msimulizi kazi: sauti nzito kwa huyu, nyepesi kwa yule, msikilizaji hapotei. Wanaume wawili wenye umri mmoja, wanaonong'onezana gizani, mwandishi akiwa ameacha kuandika “alisema fulani”, ni mtihani mwingine kabisa. Wasimulizi dhaifu humpa mmoja besi ya kuigiza na mwingine sauti ya puani, na baada ya saa mbili unatamani wote wawili wanyamaze. Wazuri hawagusi sana uzito wa sauti. Wanatofautisha mwendo. Kirt Graves, anayesoma Wolfsong cha Klune, anamfanya Ox, kijana aliyekua akiambiwa hana akili, azungumze polepole, kwa sentensi fupi, kana kwamba kila neno lazima alipime kwanza. Akiongea mwingine unajua kabla ya kutajiwa jina, kwa sababu pengo kati ya maneno limebadilika.

Mapengo hayo yana upande wake wa kiufundi. ACX, jukwaa ambalo kampuni ya vitabu vya sauti ya Audible ililifungua mwaka 2011 ili waandishi na wasimulizi wakutane, linataka kelele za nyuma kwenye rekodi zisizidi desibeli -60. Ukimya wa kitabu cha sauti, kwa hiyo, ni safi kuliko ukimya wowote nyumbani kwako. Wasimulizi wengi hurekodi kwenye vyumba vidogo vilivyozibwa, wengine ndani ya kabati la nguo, maana mashati hunyonya mwangwi. Katika ukimya wa namna hiyo, pumzi moja inayovutwa kabla ya mtu kusema “nakupenda” inasikika yote. Hakuna alama ya uandishi inayoweza kufanya hivyo.

“Kusikiliza si kusoma.”

Si kweli, na nisingependa kupoteza muda hapa. Mwaka 1935 taasisi ya vipofu ya Uingereza ilianza kutuma vitabu vya sauti kwenye santuri, vya mwanzo vikiwemo riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie na Typhoon ya Joseph Conrad. Miongoni mwa waliolengwa walikuwa askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna aliyewaambia kuwa wanadanganya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima ubongo wa watu waliosoma na kusikiliza hadithi zilezile, wakakuta maana za maneno zinashughulikiwa kwa namna inayofanana sana. Anayesikiliza huku akibishana na kondakta ni habari nyingine, lakini hata anayesoma huku akibishana na kondakta hapati kitu.

“Majoka na wachawi ni mapambo, hadithi ni ileile.”

Si kweli kwa vitabu vizuri. Kwa vibaya, ni kweli tupu.

A Marvellous Light cha Freya Marske, Mwaustralia, kilitoka mwaka 2021, na David Thorpe ndiye anayekisoma. Ni Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Mfalme Edward wa Saba. Robin Blyth anapewa kazi serikalini kwa makosa, na siku ya kwanza tu anagundua kwamba uchawi upo na kwamba yeye sasa ndiye kiungo kati ya wachawi na serikali. Anatupiwa laana inayochorwa mkononi mwake na kupanda siku hadi siku, ikiuma. Mtu wa kumsaidia ni Edwin Courcey, msomi mwenye uchawi haba. Wenzake wanatenda kwa ishara za vidole vitupu. Yeye lazima azungushe uzi vidoleni, na familia yake inamcheka kwa uzi huo.

Sasa iweke hadithi hiyo mahali pake. Tangu mwaka 1885 sheria ya Uingereza ilimfunga hadi miaka miwili mwanamume aliyepatikana na kosa la “uchafu” na mwanamume mwenzake, na mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa miaka hiyo miwili pamoja na kazi ngumu. Robin na Edwin wana siri mbili, ya uchawi na ya mapenzi, na zote mbili zinalindwa kwa njia zilezile: kuangalia nani yupo chumbani, kusema nusu sentensi, kuacha ya pili imalizwe na anayejua. Ondoa uchawi na kitabu kinaporomoka. Marske pia anajua kwamba uchawi lazima ugharimu. Laana inauma kweli, na Robin akizidiwa na maumivu Thorpe anakata sentensi katikati bila kupiga kelele.

Kwenye The Magpie Lord mambo yamekazwa zaidi. Stephen Day ni mchawi aliyepewa kazi ya kuwadhibiti wachawi wenzake, na Lord Crane, aliyerudi kutoka Shanghai baada ya kufukuzwa na baba yake akiwa kijana, amerogwa ajiue. Stephen ana kila sababu ya kuichukia familia ya Crane. Anamsaidia hata hivyo, na kila anapomgusa ili kutegua kitu, kugusa kwenyewe kunakuwa tatizo.

Linganisha na vitabu chungu nzima ambavyo mhusika ni joka sura ya kwanza, kisha sura zote zinazofuata ni mtu mwenye kampuni kubwa na hasira za haraka. Joka hilo ni la mkopo.

“Lazima iishe kwa raha, kwa hiyo hakuna cha kushangaza.”

Nusu ya kwanza ni kweli. Kitabu kinachojiita cha mapenzi katika soko la Kiingereza kina sharti: mapenzi yawe ndiyo kiini, na mwisho uridhishe na utoe matumaini. The Song of Achilles cha Madeline Miller, cha mwaka 2011, hakimo kwenye kundi hilo, ingawa wengi hukiweka humo na kisha kulalamika kwamba wamelizwa. Anayesimulia ni Patroclus, mpenzi wa Achilles, na anaendelea kusimulia baada ya kufa. Ukisoma kwa macho unaelewa kwamba ni mbinu. Ukikisikiliza kwa sauti ya Frazer Douglas, sauti iliyokuwa nawe tangu mwanzo inaendelea kuongea na mwenyewe hayupo tena, na hilo si jambo la kulisikiliza usiku peke yako.

Nusu ya pili ndiyo ninayoipinga. Mwisho mwema wa wanaume wawili haukuwa jambo la kawaida hata kidogo. Kwa muda mrefu ulikuwa ndio muujiza mkubwa kuliko joka. E. M. Forster aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914. Hakuna mzimu humo wala mchawi, ni Waingereza wa kawaida. Aliazimia kwamba Maurice na mpenzi wake, mlinzi wa wanyama wa shamba la tajiri, wabaki pamoja. Kwa kuwa Uingereza ya siku zile haikuwa na nyumba ya kuwaweka, aliwapeleka msituni. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1960 alisema wazi kwamba ni raha hiyo ya mwisho iliyofanya kitabu kisichapishike. Wangejinyonga, ingekuwa rahisi. Kikakaa kikisomwa na marafiki tu. Sheria ya Uingereza na Wales ilibadilika mwaka 1967, Forster akafariki mwaka 1970, kitabu kikatoka mwaka 1971.

Usidhani hayo ni ya kale na ya Ulaya tu. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Ni wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, hakuna jini wala joka. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, uonyeshe majuto. Alikataa. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema mwisho mwema ni wa kubashirika mno, namuuliza ni bodi ngapi zimewahi kuomba wapenzi wa kwenye riwaya za kawaida wajute.

Hata hivyo, mwisho mwema unaweza kuibiwa. (Asiyetaka kujua mwisho wa Under the Whispering Door aruke aya hii.) Klune alikitoa mwaka 2021, msimulizi ni Kirt Graves tena. Wallace, mwanasheria asiye na huruma, anakufa ghafla na kupelekwa kwenye mgahawa wa chai ambao mwenyewe, Hugo, anawasaidia wafu kuvuka. Wanapendana, na hawawezi kugusana: mmoja ni mzimu. Sehemu hiyo ni nzuri ajabu. Mkono unanyooshwa, unasimama karibu na shavu, na Graves anaacha pengo palepale ambapo kitabu kingine kingeweka busu. Kisha, mwishoni, Wallace anarudishiwa uhai. Kitabu kimetufundisha kwa saa nyingi kwamba kifo hakina mjadala, halafu kinafanya mjadala. Klune mwenyewe alifiwa na mchumba wake, mwandishi Eric Arvin, mwaka 2016, na sina ubavu wa kumlaumu mtu katika hali hiyo kwa kumrudisha mfu kwenye karatasi. Ila msikilizaji ana haki ya kusema kwamba deni lilifutwa, halikulipwa.

“Vinaandikwa na wanawake kwa ajili ya wanawake.”

Kuna ukweli humo, lakini haujakamilika. Katika miaka ya 1970 mashabiki wa tamthilia ya Star Trek huko Marekani, wengi wao wanawake, walikuwa wakiandika na kupeana hadithi za wahusika wake Kirk na Spock wakiwa wapenzi. Japani, jarida la June lilianza mwaka 1978 likiwa na hadithi za wavulana wanaopendana, nalo lilisomwa sana na wasichana. Mto huu una chemchemi hizo na si vibaya kuzitaja. Klune lakini ni mwanamume anayependa wanaume. Na upande wa sauti, wanaosoma karibu wote ni wanaume, kwa hiyo hata kitabu kilichoandikwa na mwanamke kinapita kwenye koo la mwanamume kabla ya kukufikia. Nimesikia msimulizi akiokoa mazungumzo ambayo kwenye karatasi yangesomeka kama barua ya posa.

“Wanaume wanabeba mimba humo.”

Kweli, katika baadhi. Tawi la vitabu hivyo linaitwa Omegaverse, na lilichipuka karibu mwaka 2010 miongoni mwa mashabiki wa tamthilia ya Supernatural. Watu wake wamegawanywa kama kundi la mbwa mwitu, wakubwa na wadogo, na baadhi ya wanaume huzaa. Limekua hadi mwaka 2018 waandishi wawili wakafikishana mahakamani Marekani, baada ya mmoja kudai mwenzake amemwibia mambo ambayo tawi zima linayatumia; vitabu vyao, ajabu ya mambo, vilihusu mwanamume na mwanamke.

Mimba hainisumbui. Kinachonisumbua ni harufu. Katika vingi vya vitabu hivi mmoja anamnusa mwingine, na kuanzia hapo wameandikiwa, hakuna wa kukataa. Uchawi umefanya kazi ya kupenda badala ya wahusika, na msimulizi, hata awe hodari kiasi gani, hana la kufanya na watu ambao hawajachagua chochote. Mhusika anayenusa, anajua, na bado anasema hapana, tuzungumze kwanza, huyo nitamsikiliza hadi alfajiri.

“Ni mambo ya Wazungu.”

Si kweli. Riwaya ya Kichina ya Mo Xiang Tong Xiu ijulikanayo kama Mo Dao Zu Shi ilianza kutoka kwa vipande mtandaoni mwaka 2015. Mchawi aliyekufa miaka 13 iliyopita anarudi kwenye mwili wa mtu mwingine na kukutana na mwanamume aliyemsubiri. Wachina waliifanyia mchezo wa sauti wenye waigizaji wengi, upepo, panga na filimbi, wa kulipia, na ulipata wasikilizaji tele. Ilipofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2019, The Untamed, mapenzi yaligeuzwa urafiki ili yapite kwa wakaguzi. Tafsiri ya Kiingereza ilianza kuuzwa madukani Marekani Desemba 2021.

Na Marlon James wa Jamaika, katika Black Leopard, Red Wolf ya mwaka 2019, alichota majitu na wachawi kutoka visasili vya Afrika na kumpa mhusika wake mkuu mpenzi wa kiume. Si hadithi ya mapenzi kwa sharti nililolitaja juu, maana hakuna anayemaliza salama, lakini Dion Graham anavyoisoma inakaribia kuwa ngano ya usiku inayosimuliwa na mzee mwenye hasira. Watu wa pwani, tuliokua tukiambiwa fulani haolewi kwa sababu ana jini mahaba, hatuna sababu ya kushangaa kwamba kiumbe asiye mtu anaweza kupenda mtu.

“Kompyuta sasa inasoma sawa na mtu.”

Bado. Januari 2023 Apple ilizindua usimulizi wa sauti za kompyuta, na kati ya sauti za mwanzo, Madison na Jackson zilitengwa mahsusi kwa riwaya na vitabu vya mapenzi. Naelewa kwa nini: saa moja ya kitabu hubeba takriban maneno 9,000, na kila saa iliyokamilika hudai saa kadhaa za kurekodi, kusahihisha na kusafisha. Mwandishi anayejichapishia mwenyewe hana fedha hizo. Sauti hizo hutamka vizuri na hazichoki. Ila zipe wanaume wawili wanaogombana, mmoja akiwa anasema “nenda” na kumaanisha “baki”, uone. Zinasema “nenda”.

“Anza na Wolfsong, ndicho kinachosifiwa kuliko vyote.”

Hapana. Ni kirefu, kina majonzi mengi mwanzoni, na mwendo wa Ox unahitaji sikio lililozoea. Anza na Linus Baker na watoto wake sita. Ukimaliza na ukataka chenye kitanda, chukua The Magpie Lord, ambacho ni kifupi. Marske afuate, kwa sababu kitabu chake ni cha kwanza kati ya vitatu na ukikipenda umejifunga. Wolfsong kiweke kwa wiki ambayo una nguo nyingi za kufua.